Soli ya Buti na Uhai wa Mto

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka kitoboke: soli ya kiatu. Sisemi kiatu cha ofisini. Nasema buti la kuingilia mtoni, la mvuvi wa ndoano au la mpanda milima ambaye njia yake hukatwa na vijito.

Mawe ya mtoni huvikwa utando wa mwani. Ukiyakanyaga kwa soli iliyolika, ni sawa na kukanyaga sabuni. Maji ya magotini yakienda kwa kasi yatosha kumwangusha mtu mzima, na chini mawe yanamsubiri. Ndiyo maana wavuvi wa Ulaya na Marekani walipenda kwa miaka mingi soli ya felti, yaani nyuzi zilizoshindiliwa mpaka zikawa kama zulia nene. Felti hung'ang'ania jiwe lenye utelezi kuliko mpira wa kawaida.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Ukitoka majini na kushika njia ya mlimani, felti iliyolowa huwa nzito, hushika tope, na kwenye mteremko wa udongo huteleza vibaya. Kubwa kuliko yote, haikauki upesi. Maji hujificha ndani ya nyuzi zake, na ndani ya maji hayo hujificha viumbe.

Watu wa New Zealand walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2004 uligunduliwa katika kisiwa chao cha kusini mwani mgeni uitwao didymo, ambao hutanda juu ya mawe kama blanketi chafu. Wavuvi wameupa jina la makamasi ya mawe. Tone moja la maji laweza kuuhamisha toka mto hadi mto. Mwaka 2008 wavuvi wa mitoni huko wakapigwa marufuku kuvaa felti, na Alaska ikafuata mwaka 2012.

Utasema, New Zealand ni mbali. Haya, tuje Kihansi, katika milima yetu ya Udzungwa. Palikuwa na vyura wadogo, hawafiki hata sentimita tatu, wanaozaa badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, makazi yao yalikauka. Mwaka 2003 ikaonekana pia kuvu inayoua vyura, nao wakateketea. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, hata waliofugwa Marekani walipoanza kurudishwa mwaka 2012. Sisemi ni buti la fulani lililoleta kuvu hiyo. Nasema kuvu hiyo huishi majini na katika tope bichi, na tope bichi husafiri kwa miguu ya watu.

Basi tununue nini? Kwa anayevua na kutembea, chagua soli ya mpira laini, yenye meno makubwa yaliyoachana ili tope lidondoke. Ukitarajia mawe yenye mwani mwingi, ongeza misumari midogo ya chuma inayofungwa kwenye soli; ila ujue kwamba juu ya mwamba mkavu misumari hiyo huteleza, na ndani ya boti ya mpira haifai kabisa. Buti lishike kifundo cha mguu, na liwe na matundu ya kutolea maji. Kisha shika fimbo, maana miguu mitatu ni bora kuliko miwili.

Ukitoka mtoni, sugua tope lote kwa brashi papo hapo, usiende nalo nyumbani. Ushauri wanaopewa wavuvi wa New Zealand ni kutumbukiza vifaa visivyonyonya maji katika maji moto ya nyuzi 60 kwa dakika 1, au kuvikausha kabisa, kisha kungoja saa 48 zaidi kabla ya kuingia mto mwingine. Hilo linamhusu pia mvuvi wa trauti kule Kenya, anayeamkia mto Gura na kutaka kushinda mto mwingine.

Msikilizaji, mto hauna lango wala askari wa kukagua mizigo. Mkaguzi ni wewe mwenyewe, na pa kuanzia ni chini ya wayo wako.

Hadi juma lijalo, kwaheri.