Kusaka Makasha kwa GPS: Namna ya Kuanza Bila Kuudhi Watu Wala Kuharibu Mahali



1. Utangulizi

Jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka makasha, huchezwa hivi: mtu huficha kasha lenye daftari, hutangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na wengine huliendea wakiongozwa na simu au kifaa cha GPS. Anayelipata huandika jina na tarehe, kisha hulirudisha palepale. Hakuna refa wala kombe. Kasha huwa katika ardhi yenye mwenyewe, na hulindwa na uaminifu wa watu wasiojuana. Kwa hiyo mada hii inatetea jambo moja: mwanagenzi afundishwe adabu za mchezo sambamba na matumizi ya kifaa.

2. Chimbuko

Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulikomeshwa. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi ya plastiki karibu na Beavercreek, Oregon, na Mike Teague akawa wa kwanza kuipata. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akaanzisha tovuti ya Geocaching.com, ikiwa na makasha 75 tu.

Ndoo ile ilifukiwa nusu, na ndani yake mlikuwa na kopo la maharage. Leo yote mawili yamekatazwa. Kufukia huharibu ardhi, na chakula huita wanyama. Nyani akishanusa harufu, kasha halina maisha.

3. Kutafuta

Anza kwa kutafuta, kuficha kutafuata. Fungua akaunti, kisha chagua kasha rahisi. Ugumu wa kulipata na ugumu wa njia hupimwa kwa alama 1 hadi 5. Mgeni achague 1 au 2, na kasha kubwa kiasi cha kuonekana.

Kisha soma namba kwa makini. Ndoo ya Ulmer ilikuwa N 45° 17.460, W 122° 24.800. Hizo ni digrii, kisha dakika na desimali zake. Anayeandika 45.17460 kana kwamba zote ni digrii atakosea karibu kilomita 13 kwa upande wa kusini peke yake. Kwetu Tanzania herufi ni S na E. Ukiacha N kwa mazoea, simu itakupeleka upande wa pili wa ikweta.

Simu nzuri mahali peupe hukosea kwa takriban mita 5, na chini ya miti mikubwa zaidi ya hapo. Ukifika karibu, iweke mfukoni utumie macho: jiwe lililokaa kinyume na wenzake, vijiti vilivyopangwa mno, uwazi kwenye shina. Usiingize mkono shimoni. Tangulia na fimbo, maana nyoka naye hupenda maficho. Baadhi ya makasha huwa na vitu vya kubadilishana; ukichukua kimoja, acha chenye thamani hiyo au zaidi.

4. Kuficha

Anayeficha aombe kwanza ruhusa ya mwenye ardhi. Kasha liwe umbali wa angalau mita 161 kutoka jingine, lisiingize maji, na liandikwe wazi kuwa ni la mchezo. Wakaguzi wa kujitolea hulipitia tangazo kabla halijatolewa, lakini kulitunza ni jukumu la mwenye kasha.

Usidharau hofu ya watu. Mwaka 2011, mjini Wetherby, Uingereza, kasha lilidhaniwa bomu. Mtaa ukafungwa na kasha likalipuliwa na wataalamu. Nairobi na Dar es Salaam, miji iliyoonja mabomu ya 1998, zina sababu zaidi ya kushtuka. Na vijijini kwetu, anayepekua mizizi akiwa na simu mkononi atadhaniwa anatafuta mali zilizofichwa na Wajerumani wa enzi za ukoloni, na kesho watu watakuja na majembe. Salimia, jieleze, mjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtaa.

5. Pasipofaa kasha

Magofu ya kale na hifadhi si mahali pa kuacha vyombo ovyo. Kuna aina ya mchezo isiyo na kasha, iliyoanza 2004 kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani: mtafutaji hufika, hutazama miamba au udongo, na kujibu maswali. Nguzo za udongo za Isimila, Iringa, zilizochongwa na maji, zingefaa sana. Mwanafunzi anaweza kuulizwa: tabaka zinatofautianaje rangi, na kwa nini sehemu hizi zimebaki zimesimama? Kwa walimu, hili ni somo zima la jiografia.

6. Mapendekezo

Kila klabu ya vijana itafute makasha kadhaa kabla ya kuficha lake la kwanza. Vijana watembee kwa makundi, wakiwa na maji na mtu mzima. Kila safari iwe na mfuko wa kuokotea taka. Na ruhusa iombwe kabla ya kasha kununuliwa. Klabu isiyoweza kulitunza kasha lake kwa mwaka mzima isifiche. Itafute tu, na itakuwa imecheza vizuri.