Mumiani: Safari ya Neno kutoka Dawa hadi Mtambo

Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson inalieleza neno mumiani kwanza kuwa ni dawa: kitu cheusi mfano wa utomvu, kinachotumiwa na waliovunjika mifupa na wenye maradhi mengineyo. Kisha maelezo yanavuka mipaka ya kawaida ya kamusi. Yanasema kwamba wenyeji wengi huishikilia dawa hiyo kuwa ni damu ya binadamu, na kwamba uvumi ukizuka kuwa inatafutwa, watu mjini hujifungia majumbani baada ya jua kuchwa. Kidahizo kimoja kimekusanya duka la dawa na hofu ya usiku. Mhadhara huu unakichunguza kidahizo hicho, kwa sababu ndani yake mna ushahidi wa namna wasemaji wa Kiswahili walivyoupokea utaalamu wa kisasa: si kama watu wasioelewa mashine, bali kama watu walioulizia mwenye mashine anataka nini kwao.

Asili ya neno ni Kiajemi. Mumiyai ilikuwa lami inayochuruzika miambani, nayo ilithaminiwa sana na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu. Kwa kuwa maiti za Misri ya kale zilidhaniwa kuwa zimehifadhiwa kwa lami ya namna hiyo, jina la dawa lilihamia kwenye maiti zenyewe. Wauza dawa wa Ulaya, tangu zama za kati hadi karne ya 18, walisaga maiti hizo na kuziuza ili wagonjwa wazinywe. Hili lafaa kutajwa mapema, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba habari ya mwili wa binadamu kufanywa dawa ni ndoto ya Kiafrika. Ilikuwa biashara halali ya Wazungu kwa karne kadhaa.

Jambo la pili ni la kisarufi. Mumiani ya dukani ni ya ngeli ya I-ZI: mumiani hii, imekwisha, imepatikana. Katika uvumi wa karne ya 20 neno hilohilo lilichukua upatanisho wa viumbe hai: mumiani amepita, mumiani wamemchukua. Kitu kikageuka kuwa mtu anayekitafuta. Mabadiliko hayo hayakuja peke yake. Nairobi na Kampala watu walinong'ona juu ya wazimamoto; Tanganyika kulisikika chinjachinja; Rhodesia ya Kaskazini, banyama. Yote ni majina ya watendaji. Hakuna hata moja lililoundwa kutokana na neno uchawi.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kilichotegemea zaidi masimulizi aliyoyakusanya Uganda na Kenya, alilipa jambo hili uzito unaostahili. Mchawi hutenda kwa husuda, nao uchawi wake hurithiwa au hupatikana kwa siri. Mzimamoto huajiriwa. Ana sare, ana gari, ana ndoo na sindano, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Waliosimulia habari hizo hawakutaja makafara wala manuizo. Walitaja vyeo, zamu za usiku, magari yasiyo na madirisha, na Waafrika wenzao waliolipwa na wasiseme kazi yao ni ipi. Kuyaweka masimulizi hayo chini ya neno ushirikina, kama wafasiri wengi wanavyofanya, ni kuyafuta. Ni masimulizi juu ya ajira.

Aidha, sindano zenyewe hazikuwa za kubuni. Ugonjwa wa malale ulipowaua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari walitoboa tezi za shingo na hata uti wa mgongo, wakachukua majimaji na kuyatazama kwa hadubini. Robert Koch aliweka kambi katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na kuwadunga wagonjwa dawa ya atoxyl, nao baadhi yao walipofuka. Mgonjwa aliyaona majimaji ya mwili wake yakiingia katika kichupa, na hakuna aliyemweleza kichupa kilikokwenda. Hata hivyo, haifai kuupamba uvumi. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizaa ghasia, na hofu ya aina hiyo haichagui wa kumpiga.

Ikiwa mashine ilishukiwa hivyo, je, ni kwa kuwa wenyeji waliona pengo kati ya ufundi na mambo ya roho? Lugha haionyeshi pengo hilo. Katika visiwa vya Komoro, ambako lugha ni ndugu wa Kiswahili, mtaalamu wa majini huitwa fundi. Pwani, mwalimu huandika aya za Kurani kwa zafarani na maji ya waridi juu ya sahani, akaziosha, na mgonjwa akanywa kombe. Maandishi nayo ni teknolojia, tena iliyotoka ng'ambo. Mgonjwa mara nyingi hawezi kuyasoma. Kwa hiyo kinachomtuliza si uwazi wa maarifa, ila ni kule kumjua mwalimu, nyumba yake na jamaa zake. Kombe huingiza neno mwilini kwa mkono wa jirani, na sindano ya mzimamoto hutoa damu kwa mkono wa asiyejulikana.

Mfano wa karibuni unaonyesha kuwa suala hili halijafungwa. Mwezi Agosti 2023 Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za mradi wa Worldcoin. Mradi huo ulipiga picha mboni za macho kwa kifaa cha mviringo kama mpira, na aliyekubali kupigwa alipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Jijini Nairobi watu walipanga foleni mchana kweupe. Hapa hakuna aliyekamatwa gizani, na malipo yalimwendea mwenye jicho badala ya mtumwa wa usiku. Lakini maswali ya zamani yalirudi karibu yote: nani anachukua, anapeleka wapi, na kwa nini analipa. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data hizo zifutwe katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Safari hii waliouliza walijibiwa na mahakama.