Uzito wa Elimu na Subira ya Mwanafunzi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mwenye kugawa fahamu kwa viumbe Vyake kwa hekima Yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Khutba yetu ya leo inawaelekea vijana wetu wanaosomea uhandisi, pamoja na wazee wao. Kijana hutoka sekondari akiwa wa kwanza darasani, akaagwa kwa dua na mtaa mzima. Afikapo chuoni hukutana na hisabati, elimu ya kani na mwendo, elimu ya joto na uchoraji wa mitambo, vyote kwa pamoja na kwa kasi asiyoizoea. Majibu ya mtihani wa kwanza yakitoka, huona alama ambazo hajapata kuziona maishani mwake. Hapo shetani humjia kwa milango miwili. Katika mlango wa kwanza humwambia: huna akili, rudi kwenu. Katika wa pili humnong'oneza: nakili kazi ya mwenzio, nani atajua?

Ndugu Waislamu, tuufunge mlango wa kwanza. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vilivyopo mara 40, hata akakihifadhi, na bado hakukifahamu. Akakata tamaa nacho. Siku moja, katika soko la vitabu, dalali akamshikilia anunue kitabu kwa dirhamu 3, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na shida ya fedha. Kilikuwa kitabu cha Al-Farabi kinachobainisha makusudio ya kile kilichomshinda. Alipokisoma, fundo likafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mola wake.

Zingatieni, enyi wanafunzi. Aliyeshindwa mara 40 hakuwa mjinga. Wala hakufunguliwa kwa kurudia mara ya 41 kwa njia ile ile. Alifunguliwa kwa maelezo ya mwalimu mwingine. Basi subira si kukaa mbele ya ukurasa usiku kucha huku machozi yakitiririka. Subira ni kutoiacha kazi, na pia kuitafutia njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kuutafuta mvunjiko ulipo. Neno aljebra limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, katika jina la kitabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Na miongoni mwa maana zake ni kuunga mfupa uliovunjika. Mganga wa mifupa hafungi bendeji mahali panapouma tu, bali hupapasa mpaka apate palipovunjika. Vivyo hivyo, anayeshindwa na hesabu za boriti chuoni huenda udhaifu wake uko katika milinganyo ya kidato cha pili. Arudi huko bila ya haya, kwa kalamu na karatasi, atatue maswali kwa mkono wake mwenyewe.

Njia ya pili ni kuuliza. Nabii Musa, amani iwe juu yake, naye ni Mtume, alisafiri kumtafuta aliyepewa elimu asiyokuwa nayo, akaomba ruhusa ya kumfuata ajifunze. Nani kati yetu aliye mkubwa kuliko Musa hata aone aibu kugonga mlango wa mwalimu, au kumwambia mwenziwe: nieleze, sikufahamu?

Ama mlango wa pili, wa kunakili, huo ni khiyana. Mhandisi huaminiwa roho za watu asiowajua. Daraja halimtambui aliyenakili wala aliyenakiliwa. Hutambua uzito uliopita juu yake tu. Anayeiba jibu leo anajitayarisha kutia sahihi kesho chini ya hesabu asiyoielewa, na watoto wa watu watapita hapo. Kufeli somo ukalirudia ni msiba mdogo mno kuliko huo.

Enyi wazazi! Kijana akikuleteeni habari ya kufeli, msimpokee kwa majirani wanasemaje. Wengi huficha alama zao kwa kuogopa sura za wazee wao kuliko kuogopa mtihani. Muulizeni: umekwama wapi, na nani awezaye kukusaidia? Na ikidhihiri, baada ya juhudi na mashauri ya walimu, kuwa fani hiyo siyo yake, kuhamia fani nyingine si aibu. Riziki haina mlango mmoja, na umma unawahitaji mafundi, waalimu na wakulima kama unavyowahitaji wahandisi.

Katika Suratu Inshirah, Mola wetu ameiahidi faraja pamoja na dhiki, na ahadi hiyo ameikariri mara mbili. Basi tufanye kazi, kisha tutegemee.

Ewe Mola wetu, wafungulie vijana wetu fahamu zao, wape uaminifu katika elimu yao, na uwape wazazi wao upole na subira. Amin.