Ada ya Kupitisha Faiba: Nani Atailipa?

Hotuba iliyotolewa katika kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu mswada wa ada za kupitisha kebo za mawasiliano kando ya barabara za kaunti

Nimeombwa niufafanue mswada huu kwa lugha ambayo hata asiye fundi ataielewa. Nitajaribu.

Mwaka 2009 kebo za faiba za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa kutoka baharini. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Lakini faiba ikishafika pwani bado inahitaji kuvutwa nchi kavu hadi mjini kwetu, kisha hadi kwenye zahanati na shule za vijijini. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichotuleta hapa, kwa sababu kinapita kando ya barabara zetu.

Kwanza tujue mipaka yetu. Leseni na masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Kaunti haiwezi kuipangia kampuni bei ya bando. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba limetukabidhi barabara za kaunti na mipango ya maendeleo. Anayetaka kuchimba mtaro huko anahitaji kibali chetu, na ada huingilia mlango huo.

Wenzangu wa idara ya mapato wanataka ada kwa kila mita, ilipwe kila mwaka. Siwalaumu, kazi yao ni kutafuta pesa na mashimo barabarani mnayaona wenyewe. Ila hesabu tuifanye pamoja. Kilomita moja ya kebo mjini inapita mbele ya maduka, benki na nyumba za kupanga. Kilomita hiyohiyo mashinani huenda ikapita mbele ya maboma matatu na zahanati moja. Tukitoza mita sawa kwa sawa, wa mjini hataihisi ada hiyo; wa kijijini atakosa huduma kabisa, maana kampuni itaishia pale lami inapoishia. Na ikijikaza ikaendelea, gharama itajitokeza kwenye bili ya mteja. Mwalimu anayejaza fomu za serikali mtandaoni ndiye atakayelipa.

Katiba nayo imetuwekea breki. Kifungu cha 209(5) kinasema uwezo wa kaunti wa kutoza usidhuru sera za uchumi za taifa wala shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Kebo inayotoka Mombasa huvuka kaunti nyingi. Kila mmoja akiweka kizuizi chake njiani, fikirieni itafika huku na bei gani.

Maoni yangu ni kwamba ada ya kila mwaka iondolewe, ibaki ya kibali mara moja, na iwe ya chini zaidi nje ya mji. Mahali pa kuwa wakali ni kwenye amana. Mnakumbuka mabomba ya maji yaliyopasuliwa na mitaro iliyoachwa wazi watoto wakipita? Anayechimba aweke pesa, arudishiwe barabara ikisharudi ilivyokuwa. Na sisi tunapotengeneza barabara mpya, tulaze humo mabomba matupu ya plastiki, kila kampuni ipitishe kebo yake bila kuchimba tena. Kodi ya mabomba hayo ni mapato ya haki, kwa kuwa tumeuza kitu tulichokijenga.

Kuna jambo halimo kwenye mswada na linafaa kuwemo: muda. Faili ya kibali ikilala mezani miezi, hiyo nayo ni ada, tena isiyo na risiti. Tuandike idadi ya siku.

Kuhusu nguzo kwenye shamba la mtu, kibali cha kaunti hakiondoi haja ya idhini ya mwenye shamba.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe, kwa hivyo anayeunga mkono ada ya kila mwaka naye aseme. Fomu ziko kwa msimamizi wa wadi. Tajeni kipengele mnachokizungumzia, na mwandike jina la barabara ambapo faiba imeishia kwenu.