Figo na Mkataba wa Kazi
Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama, Mabanga



Leo sikuja kusema juu ya nyongeza ya mshahara. Nimekuja kusema juu ya figo. Msicheke, maana mambo haya mawili ni ndugu.

Figo zetu mbili kazi yake ni kuchuja uchafu katika damu. Kisukari na presha isiyotibiwa huziharibu polepole, bila maumivu, hata siku miguu inapovimba mara nyingi huwa tumechelewa. Zikifa, njia za kuishi ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili au tatu kwa juma, karibu saa nne kila mara. Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kupeleka mashine hizo katika hospitali za kaunti, na hatua hiyo twaisifu. Njia ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Jambo hilo si geni: lilifaulu mara ya kwanza Boston, Marekani, Desemba 1954, pacha mmoja alipompa mwenzake figo. Hapa Kenya hufanywa katika hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na ya Moi, Eldoret. Kutoka Kitale mpaka Eldoret ni kilomita zipatazo 70 tu.

Basi ikiwa ni karibu hivyo, mbona mfanyakazi hafiki? Sikilizeni.

Kwanza ni siku. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa mgonjwa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Jumla 14, na hicho ndicho kima cha chini. Sasa pigeni hesabu. Anayesafishwa damu mara mbili kwa juma ahitaji siku 104. Siku 90 zilizobaki nani atazilipa? Mkubwa wa ofisi huahirisha mkutano wake akaenda kutibiwa. Mkata miwa akikosa siku mbili, panga lake lashikwa na mwingine.

Pili ni fedha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka ikaja SHA, nasi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye shilingi 12,000 hukatwa 330 kila mwezi. Lakini fedha zikikatwa na tajiri asizipeleke, mgonjwa akifika dirishani huonekana hakulipa, na karatasi ya mshahara anayo mkononi! Tena bima hailipi nauli, wala chakula cha yule anayemsindikiza. Na aliyepandikizwa hapana budi ameze dawa kila siku maisha yake yote. Akizikosa, mwili huikataa ile figo.

Tatu ni mtoaji. Kwetu figo hutoka kwa mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa damu. Naye hupimwa, hupasuliwa, na hukaa majuma kadhaa bila kuinua mzigo. Kifungu cha 30 chamtaja mgonjwa, na mtoaji si mgonjwa; ni mzima aliyejitolea. Basi wengi wenye moyo wa kutoa huogopa kupoteza kazi.

Ndugu zangu, mlango wa haki ukiwa mwembamba, dalali hupita dirishani. Sheria ya Afya ya 2017 yakataza kuuza kiungo cha mwili. Hata hivyo Aprili 2025 Serikali ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret, kwa sababu ya madai kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao. Hatumhukumu mtu. Lakini waambieni vijana wenu: fedha ya figo huisha, kovu halifutiki.

Chama hakiwezi kupasua mtu. Chaweza kufanya mapatano na matajiri. Kwa hiyo naomba katika mkataba ujao tudai haya:

1. Kila mwezi tawi lionyeshwe kwamba fedha za SHA zimefika.

2. Siku za kusafishwa damu zisihesabiwe utoro, na kazi ya mgonjwa imngoje.

3. Mtoaji figo apewe likizo yenye mshahara.

4. Kibarua aliyetimiza mwezi mfululizo apewe haki zake za kifungu cha 37, asibaki kibarua milele.

5. Presha na sukari zipimwe kazini, maana kuzuia ni rahisi kuliko kupandikiza.

Tumekwisha kulipa kwa jasho letu. Sasa tudai tulichokilipia.

Umoja ni nguvu.