Je, Serikali Ikitwaa Mali ya Mtu, Imeiba?
(Fundisho juu ya amri ya saba)



Amri ya saba yasema: Usiibe. Basi wengi hutuuliza: Serikali ikitwaa shamba au duka la mtu, je, nayo imeiba? Tulitazame neno hilo polepole.

Mungu aliumba dunia kwa ajili ya watu wote. Mtu ana haki ya kuwa na mali yake, lakini si haki ya kuwafisha wenzake njaa. Kwa hiyo Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba mashamba makubwa yaliyoachwa bila kulimwa, au yanayowatesa watu, yaweza kutwaliwa kwa faida ya wote. Nao Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1965, ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba mwenye mali alipwe kwa haki.

Lakini tumkumbuke Naboti. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu, apande mboga. Barua zikaandikwa, zikapigwa muhuri wa mfalme. Mashahidi wa uwongo wakaletwa. Naboti akauawa kwa mawe. Muhuri haukuugeuza wizi kuwa haki.

Nchi yetu nayo ilijifunza kwa uchungu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wananchi. Neno lilikuwa tamu masikioni. Lakini mali nyingi ziliangukia mikononi mwa wakubwa na rafiki zao. Bidhaa ziliuzwa, pesa zikaliwa, maduka yakabaki matupu, na mwanakijiji akakosa chumvi. Mwaka 1976 Serikali yenyewe ilianza kuwarudishia wageni sehemu ya mali zao.

Basi, tuulize mambo matatu. Je, watu wote wana shida ya kweli? Je, mwenyewe amelipwa? Je, faida inawafikia maskini?

Tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Sisi wenyewe tulichukua shamba la mjane mmoja ili tujenge shule. Tulisema: Ni kwa faida ya wote. Ilikuwa kweli. Lakini misimu miwili ilipita bila kumpa shamba lingine, naye alilima kwa kuombaomba kwa jirani. Tulipomlipa, tulimwomba na radhi.

Ulizo: Nani aweza kutwaa mali ya mtu bila dhambi?
Jibu: Mwenye mamlaka ya haki, kwa shida ya wote, akimlipa mwenyewe, wala asijitwalie nafsi yake.