Jumamosi Mbili za Fundi: Viwanda vya Bonde la Ufa na Wanafunzi Wanaounda Gari la Mashindano



Wakuu wa viwanda, mliposhuka magarini hapa Longonot asubuhi ya leo, vumbi liliwapanda hadi magotini. Ni majivu ya volkeno, laini kama unga uliosagwa mara mbili, na madereva wa mbio za magari huliita fesh-fesh. Katika uwanda wa Kedong, chini ya Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776, hujaza mifuo ya magurudumu hata dereva asijue kina chake. Hupenya kwenye chujio la hewa, injini ikakosa pumzi na kuzimika. Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, makampuni makubwa ya magari yamekuwa yakija Naivasha kulisoma vumbi hili. Mwaka 2022 Toyota ilitwaa nafasi nne za kwanza.

Mwaka mmoja nilisimama nje ya ua ambamo magari ya Safari Rally hukarabatiwa. Mafundi wana dakika 45 tu jioni, na katika dakika hizo wanaweza kushusha giaboksi na kupandisha nyingine. Kando yangu walikuwapo wanafunzi wa uhandisi, vidole vyao vimeshika waya wa ua. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sisi tutashika spana lini?" Nimekuja hapa na swali lake.

Kwanza tukubaliane ni gari gani wanafunzi waunde. Wengi wakisikia habari ya wanafunzi na gari la mashindano hufikiria Formula Student, lile shindano lililoanzia Marekani mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE na kufika Uingereza mwaka 1998. Ni shindano zuri, na kati ya pointi zake 1,000, pointi 325 hutolewa kabla gurudumu halijazunguka: kwa usanifu, kwa hesabu ya gharama, na kwa namna vijana wanavyoueleza mpango wao wa biashara. Lakini gari lake ni la lami, na sehemu yake ya chini karibu inagusa ardhi. Hapa Longonot halingemaliza hata mita mia.

Mimi naliunga mkono shindano la Baja SAE, lililoanza mwaka 1976. Gari lake ni la mtu mmoja, la njia mbovu, na kilele chake ni mbio za saa nne mfululizo. Kwa miaka mingi kampuni ya Briggs & Stratton ilizipa timu injini, kila timu injini ileile ya nguvu-farasi 10, na ilikuwa marufuku kuichokonoa. Mwanafunzi hakushindana kwa mfuko wa mfadhili wake; alishindana kwa fremu, springi, gia na akili. Injini ndogo ya aina hiyo si ngeni kwetu. Mkulima wa Kinangop huisikia kila siku kwenye pampu yake ya maji.

Sasa niwaeleze tulipokwama, kwa maana hapo ndipo mada yangu ilipozaliwa. Timu niliyoisimamia ilipata mfadhili. Palikuwa na hafla, hundi kubwa ya karatasi ngumu ikashikwa na watu sita, picha zikapigwa. Fedha zilifika baada ya miezi mingi, muhula umekwisha na nusu ya timu imehitimu. Waliobaki walikwenda dukani kununua mabomba ya chuma, wakauziwa yale ya kutengenezea vitanda na milango. Kanuni za Baja zinataka bomba la fremu inayomlinda dereva liwe na uimara usiopungua wa bomba la kipenyo cha milimita 25 na ukuta wa milimita 3, na chuma chenye kaboni isiyopungua asilimia 0.18. Muuzaji hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha chuma chake. Nilikataa. Siwezi kumtia mtoto wa mtu ndani ya fremu nisiyojua itafanya nini gari likipinduka.

Hatimaye karakana moja ya kiwanda ikatupa vipande vilivyobaki kazini, pamoja na nakala ya cheti cha chuma hicho. Kwao yalikuwa mabaki. Kwetu ile karatasi moja ilikuwa na thamani kuliko hundi.

Kisha tukaharibu. Vijana walichomelea upande wa kulia wote hadi mwisho, ndipo wakahamia kushoto. Walipoishusha fremu sakafuni, pembe moja ilining'inia juu, kidole kizima kikipita chini yake. Hawakujua kosa liko wapi, kwa sababu michoro ya kompyuta ilikuwa sahihi.

Aliyelijua ni mzee mmoja aliyechomelea mabomba ya mvuke kwa miaka mingi. Alizunguka fremu mara mbili bila kusema, akaigonga kwa nyundo, akasikiliza. "Moto umeivuta," akasema. Chuma kikipashwa hutanuka, kikipoa hunywea, nacho huvuta kuelekea upande uliochomwa. Akawaagiza wakate na kuanza upya: wafunge kila bomba kwenye meza ya chuma, washikize viungo vyote kwa nukta ndogo za moto, kisha wachomelee kwa kuruka, kiungo hiki kisha cha pembe mkabala, huku wakisubiri kipoe. Alikuja Jumamosi mbili. Mwajiri wake alimpa ruhusa, basi. Fremu ya pili ilikaa sakafuni kwa pembe zote nne.

Msaada ninaouomba ndio huo. Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, ni mwendo mfupi kutoka hapa, na palipo na mabomba ya mvuke pana wachomeleaji ambao kazi yao hupimwa kabla ya kupokelewa. Mashamba ya maua yanayouzunguka ziwa Naivasha yana karakana za pampu na trekta. Nakuru ina mafundi wa jua kali wanaokereza vipuri ambavyo havipatikani tena madukani. Hakuna kati yao anayehitaji kutoa hundi.

Historia yetu inatuonya. Mwaka 1986 serikali ilikabidhi Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Magari matano yaliundwa. Ari ilikuwapo, na wahandisi wetu walithibitisha kwamba wanaweza, lakini gari halikufikia uzalishaji wa kiwandani, na mradi ukafifia. Linganisheni na Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda. Walimu na wanafunzi wake walishiriki kuunda gari lililoonyeshwa Turin mwaka 2008, wakarudi wakaunda Kiira EV ya umeme ya mwaka 2011, kisha basi la Kayoola la mwaka 2016. Serikali ya Uganda ilitoa fedha, kweli. Lakini mabasi yaliyofuata yaliundwa ndani ya Luwero Industries, kiwanda kilichokuwapo tayari chenye mashine na mafundi wake. Kwa maoni yangu, mlango huo uliofunguliwa ndio uliotofautisha miradi hii miwili.

Najua hofu ya wakuu wa viwanda: kijana akiumia karakanani, nani atajibu? Hofu hiyo ni halali, na ni jukumu la vyuo kuiondoa. Kila mwanafunzi aje na barua ya bima ya ajali, kama anavyofanya akienda atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na viatu vyenye ncha ya chuma, na mwalimu wake awe naye. Chuo kisichoweza kutimiza hayo kisibishe mlango wa mtu.

Kuhusu faida, nitasema machache. Kila mwajiri nchini hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, za mafunzo ya viwandani. Mnalipia mafunzo tayari. Mhandisi aliyewahi kukata fremu yake mwenyewe na kuanza upya hatawaharibia chuma chenu mkimwajiri. Makosa hayo ameshayafanya kwetu, kwa mabaki.

Kwa hiyo nawaomba wakuu mlio hapa: kabla hamjaondoka Longonot leo, kila mmoja aandike katika daftari lililo mlangoni jina la fundi mmoja na Jumamosi mbili atakazoruhusiwa. Kama mna vipande vya bomba la milimita 25 vyenye cheti, viandikeni pia. Vijana wataanza kuchomelea fremu ya tatu mwezi ujao, na meza ya chuma iko tayari.